Kobe na Aliyeitika Naamu

Nina kisa!

— Tupe tukipokee!

Nikikirusha?

— Tutakidaka!

Sauti gani hiyo, hamjala? Enzi zetu tuliitika mpaka kuku wakashtuka bandani. Kisa hiki si cha hapa Ujiji. Alituletea Mzee Modibo, fundi cherehani kutoka Mali, huko magharibi ya Afrika. Alishona kanzu huku akisimulia, nasi watoto sharti tuitike "naamu" kila akivuta pumzi. Tulimcheka, kumbe ni naam yetu hii hii! Nimemkumbuka sana yule mzee.

Basi, hapo zamani za kale, kando ya mto mkubwa wa kwao, Kobe alikuwa msimulizi. Rafiki yake Chura alikuwa mwitikaji. Kobe akisema, Chura huitika, "Naamu." Wakimaliza hupewa kibuyu cha uji wa mtama, wakagawana nusu kwa nusu.

Siku moja Kobe akasema, "Anayechoka ni mimi. Wewe neno moja tu, unamaliza nusu ya uji! Nenda zako."

"Haya, ndugu yangu," akasema Chura. Akarudi mtoni.

Kesho yake Simba akamwita Kobe. Mama yake Simba alikuwa taabani.

"Mwanangu," alisema yule bibi, "kabla sijafumba macho nataka kusikia kisa cha kwetu nilikozaliwa."

Simba akamgeukia Kobe. "Umalize kabla jua halijachwa. Mama akienda bila kisa chake, utanitambua!"

Kobe akamweka Kasuku aitikie.

"Palikuwa na mbuga," akaanza.

"Palikuwa na mbuga!" akasema Kasuku.

"Itikia, usinirudie!"

"Itikia, usinirudie!"

Mama Simba akageukia ukutani. Kobe akamweka Fisi.

"Palikuwa na mbuga."

"Naamu. Uji umeiva?"

Mama Simba akaguna. Kobe akajaribu peke yake.

"Palikuwa na mbuga. Naamu. Palikuwa na... naamu... palikuwa na nini vile?"

Kisa kikampotea. Na jua linashuka.

Kobe akakimbia, mbio zile zile za kobe, hadi mtoni, machozi yanamtoka.

"Chura ndugu yangu, nimekosa. Kumbe sikuwa nasimulia mimi, tulikuwa tunasimulia sisi. Njoo, uji wote wako."

Chura akasema neno moja tu. Mnalijua.

— Naamu!

Wakarudi wote wawili.

"Palikuwa na mbuga."

"Naamu."

"Nyasi zake zilimficha mtoto wa twiga."

"Naamu."

Mama Simba akasikiliza mpaka mwisho. Kisha yeye mwenyewe akaitika, "Naamu," kwa sauti ndogo, akafumba macho kwa amani. Jua likachwa.

Uji akanywa Chura. Kobe akabaki na kibuyu kitupu, akajitwika mgongoni. Ndicho anachotembea nacho mpaka leo.

Wajukuu zangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Anayeitika ana nusu ya kisa, msimdharau.

Mzee Modibo alishatangulia. Kibandani kwake sasa wanachaji simu. Lakini kila nikipita pale, mdomo wangu huitika wenyewe, naamu, na hakuna aliyesema kitu.

Haya, kisa nimekirusha!

— Tumekidaka!

Kisianguke chini, basi.