Mtunza Saa wa Kiwanda cha Korosho

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana baadhi ya waliokuwapo bado wanafuatilia kiinua mgongo, palikuwa na kiwanda cha korosho katika mji mmoja wa kusini. Mwenyewe aliitwa Bwana Chinguile, mtu mpole, mwenye maneno laini. Kila Jumatatu aliwaambia wabanguaji wake, wanawake thelathini na mmoja, "Sisi hapa ni familia."

Na kweli waliishi kama familia, maana hakuna aliyeruhusiwa kurudi nyumbani kwake mapema. Kazi ilianza saa moja asubuhi. Mchana palikuwa na saa moja ya chakula, na king'ora cha kutoka kililia saa tisa na nusu. Kikishalia, Bwana Chinguile husimama mlangoni akasema, "Wanangu, malizieni hicho kilichobaki." Kilichobaki kiliisha saa kumi na mbili jioni. Siku sita kwa juma.

Sasa sikilizeni, maana wenye hadithi ni watatu.

Wa kwanza ni Bi Somoe, mbanguaji mkongwe. Mafuta ya maganda yalikuwa yamemla vidole hata dole gumba lake halikuacha alama kwenye karatasi. Kusoma hakujua, lakini saa ya ukutani aliijua. Kila saa iliyopita baada ya king'ora, alitia ganda moja la korosho kwenye pindo la khanga. Nusu saa, nusu ganda. Mwezi ukiisha, huyafunga katika kitambaa akayatundika nyumbani kwake. Wenzake wakamcheka, "Bi Somoe, maganda ya nini?"

"Si maganda," alisema. "Ni saa zangu. Nimezikopesha."

Wa pili ni karani Hokororo, mwenye kitabu cha mahudhurio. Bwana Chinguile alimwambia, "Andika saa saba na nusu za kazi. Kila mtu, kila siku." Akaandika. Hata siku alizobaki yeye mwenyewe mpaka giza, alijiandikia saa saba na nusu, tena kwa mwandiko wa kupendeza.

Wa tatu ni Restituta, mfagiaji, kibarua wa kutwa asiye na mkataba. Nyuma ya mlango wa ofisi palibandikwa karatasi ya haki za mfanyakazi, kwa kuwa sheria inataka ibandikwe. Mlango ukifunguliwa, karatasi inafunikwa. Na mlango wa Bwana Chinguile ulikuwa wazi daima, hilo alijisifia. Basi aliyeiona karatasi ni Restituta peke yake, aliyefunga mlango ili afagie. Akasoma: saa za kawaida zisizidi arobaini na tano kwa juma, za ziada ziwe kwa makubaliano, na kila saa ya ziada ilipwe kama saa moja na nusu. Aliisoma misimu miwili. Akaipangusa vumbi, akanyamaza.

Mambo yakaenda hivyo mpaka asubuhi moja Bi Somoe alipochelewa dakika ishirini. Alikuwa amepitia zahanati kufungwa vidole.

"Karani," akasema Bwana Chinguile, "mkate nusu siku."

"Baba," akasema Bi Somoe, "dakika ishirini zinahesabika, na saa zangu za jioni?"

"Mama yangu, familia haihesabiani saa."

"Basi na mapato tugawane kifamilia."

Bwana Chinguile akacheka sana, akampigapiga begani. Nusu siku ikakatwa.

Restituta alikuwa palepale na ufagio. Mchana akamfuata Bi Somoe chooni, akamnong'oneza karatasi yote, neno kwa neno, maana alikwisha kuihifadhi kama sala. Bi Somoe akamtazama.

"Tangu lini unayajua haya, mwanangu?"

"Tangu msimu wa juzi."

"Na ulikuwa unangoja nini?"

"Mimi nilipewa ufagio, Bi Somoe. Mdomo sikupewa."

Wiki ile ile wakaenda wawili kwa afisa wa kazi. Afisa akafika kiwandani, akaomba kitabu. Kitabu kilikuwa safi: saa saba na nusu mara sita, arobaini na tano kamili. Afisa akavua miwani, akasema, "Hapa sheria imefuatwa kuliko inavyofuatwa popote." Bwana Chinguile akaagiza soda.

Ndipo karani Hokororo aliposimama.

"Mheshimiwa, kitabu hicho ni uongo. Nimeuandika mimi."

Akaeleza yote. Afisa akamwambia, "Basi uandike ukweli." Hokororo akachukua vifurushi vya Bi Somoe, akahesabu ganda kwa ganda majuma matatu, baada ya kazi, bila malipo. Hesabu ikatoka: saa sitini kwa juma. Kumi na tano zimeliwa. Lakini kifurushi cha mwezi mmoja kilizidi mara mbili.

"Bi Somoe, mwezi huu vipi?"

"Ulikuwa Ramadhani. Saa ya njaa ni ndefu."

Hokororo akatoa nusu ya maganda, akaendelea.

Afisa akaamua wabanguaji wote walipwe, kwa mafungu matatu. Bwana Chinguile akalipa fungu la kwanza, akamfukuza Hokororo siku ileile kwa kosa la kughushi kumbukumbu za kampuni. Restituta akaambiwa tu, "Kesho usije." Kibarua hahitaji barua. Bi Somoe akabaki, lakini vidole havikuweza tena kushika kibanguo.

Kabla ya kuondoka, afisa aliacha amri moja: kuanzia hapo, kitabu cha saa kishikwe na mtu yeyote atakayechaguliwa na wafanyakazi wenyewe, awe na mkataba na mshahara wa mwezi. Nafasi ni moja.

Wanawake wakakutana saa ya chakula, ndani ya ghala la magunia.

Bi Somoe akasema, "Sheria bila saa ni hewa. Mimi ndiye niliyehesabu mlipokuwa mnanicheka. Nipeni kitabu."

Mmoja akajibu, "Kusoma hujui, na Ramadhani uliongeza."

Restituta, aliyejipenyeza katikati ya wenzake getini, akasema, "Saa bila sheria ni maganda. Mimi ndiye niliyewaambia, na sikulipwa hata senti, maana jina langu halikuwamo kitabuni. Nipeni kitabu."

Mwingine akajibu, "Ulijua misimu miwili, ukatutazama tukiteketea."

Karani Hokororo aliingizwa kwa kupitia dirishani, maana mlangoni amepigwa marufuku. Akasema, "Saa mlikuwa nazo, sheria mlikuwa nayo, na kitabu kingewashinda wote wawili. Mimi ndiye niliyekivunja, nikapoteza kazi. Wala saa zangu za ziada siwezi kuzidai. Shahidi dhidi yangu ni mwandiko wangu. Nipeni kitabu."

Mwanamke wa tatu akapaza sauti, "Mwizi akirudisha ng'ombe, unampa zizi?"

Wa nne akamjibu, "Nani analijua zizi kuliko mwizi?"

Pakawa na makelele. Wakapiga kura, wakarudia, mshindi hakupatikana. Bwana Chinguile akachungulia mlangoni, uso umejaa huruma.

"Wanangu, saa ya chakula imepita dakika arobaini. Kwa sheria yenu mpya, hizi nani anaziandika?"

Wote wakakitazama kitabu. Hapakuwa na wa kuziandika.

Basi mimi nimewafikisha mlangoni mwa ghala. Msiniambie wote watatu, mshahara ni mmoja. Msiniambie wagawane, hiyo ni lugha ya familia ya Bwana Chinguile. Kitabu kiko juu ya gunia, kalamu iko juu ya kitabu, na wanawake thelathini na mmoja wanangoja. Je, mngemkabidhi nani: aliyehesabu, aliyejua, au aliyeungama?