Mbega Aliyemfanya Simba Alie Nyau

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Aliyesahau masikio nyumbani, akayafuate.

Hapo zamani za kale, kiangazi kikavu kweli kweli, Mbega aliokota mkeka wa plastiki. Akautandika kwenye jabali la mteremko. Akateleza, sererere! Akapanda tena. Sererere! Akateleza asubuhi nzima. Nywele zake zikasimama wima, akavimba kama mto wa sufi uliopasuka.

Mara akapita Simba, mfalme. Mbega akakimbia kumpa mkono kwa adabu.

Ta! Cheche ikaruka.

Simba naye akaruka. Akalia, "Nyau!"

Wanyama wote walisikia. Hakuna aliyethubutu kucheka. Twiga alijifunga shingo fundo ili kicheko kisipande.

"Mchawi huyo!" akabweka Fisi. "Achunwe ngozi!"

Mbega akapiga magoti. "Mtukufu, sina uchawi. Hata mimi kidole kimeniuma."

"Kimya!" akanguruma Simba. "Leteni kisu!"

Ndipo ikatoka sauti nyembamba ndani ya manyoya ya Mbega. "Hodi barazani!"

"Nani huyo?" akauliza Simba.

"Mimi Bi Chawa. Ngozi mnayotaka kuichuna ni nyumba yangu. Nina wanangu arobaini humu, wamelala."

Mbega aliona haya. Akawaza, heri kisu.

"Kila kitu kimeundwa kwa atomi," akasema Bi Chawa. "Manyoya, jabali, hata Mtukufu. Atomi ni ndogo mno; mbele yake mimi ni tembo. Katikati pana kiini. Humo zimo protoni na nyutroni, zimekaa tu, hazitoki. Nje zinazunguka elektroni. Hizo ndizo hazitulii. Mbega alipojisugua, elektroni zake nyingi zilibaki mkekani. Akapungukiwa. Alipokugusa, zako zikamrukia, ta! Elektroni zikihama, huo ndio umeme."

"Uongo!" akasema Fisi. "Wewe umeziona?"

"Sijaziona, mzee wangu. Na upepo wewe uliuona lini? Mkeka ule pale. Jaribuni."

Simba akapanda jabali. Sererere! Akarudia, na kurudia. Singa zake zikasimama wima. Akanyoosha kidole, akamgusa Fisi puani.

Ta!

"Nyau!" akalia Fisi.

Simba akacheka mpaka akakaa chini. "Mbega, nenda zako na ngozi yako. Fisi, wewe njoo tena."

Fisi aliguswa mara tisa.

"Na wewe, Bi Chawa," akasema Simba, "omba utakacho, utapewa."

"Mimi na wanangu tunatafuta nyumba pana," akasema Bi Chawa, akizitazama singa.

Mfalme keshaahidi, tena mbele ya kadamnasi. Tangu siku hiyo anajikuna kwa heshima kubwa. Mbega naye analala fofofo, usingizi ambao hajawahi kuuonja maisha yake yote.

Basi, wenzangu, msiliite uchawi jambo msilolijua. Ulizeni, hata kama anayejua ni chawa.

Hadithi yangu imekomea hapo. Anayewashwa na ajikune.