Jina la Babu, Damu ya Kaimenyi

Mawingu yakitanda, hakuna ajuaye kwa hakika kama mvua itanyesha. Hata hivyo, mwenye mahindi uani hangoji yalowe ndipo aamini. Jambo hili jepesi lilimtatiza sana Kaimenyi, mchumaji wa miraa wa Kangeta, aliyepanda miti peku tangu ujana wake.

Babu yake mzaa baba alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Jina la babu huyo, Gitobu, alipewa kaka yake Kaimenyi, kama desturi inavyotaka kwa kifungua mimba. Kaimenyi alirithi jina la babu mzaa mama, mzee aliyefikisha miaka tisini bila kuujua mlango wa hospitali. Basi akaamini kwamba ugonjwa hufuata jina. Alimwonea kaka yake huruma, na yeye mwenyewe akawa anatafuna miraa na kuisindikiza kwa soda, chupa tatu kwa siku.

Watafiti wa kisukari walipofika kijijini kupima damu, ndugu hao walikwenda pamoja. Majibu yalimwacha Kaimenyi kinywa wazi. Alama za urithi wa kisukari hazikuonekana kwa Gitobu. Zilionekana kwake.

"Sista, mmebadilisha chupa," alimwambia muuguzi Kathambi. "Gitobu ni huyu. Mimi ni Kaimenyi."

"Hatukubadilisha, mzee. Damu haiulizi jina."

"Kwa hivyo mimi ni mgonjwa?"

"Hapana. Sukari yako leo iko sawa."

"Kwa hivyo niko sawa?"

"Si hivyo pia. Uko kwa hatari kuliko wengine. Wacha soda, na ukuje tukupime kila miezi mitatu."

Kaimenyi alirudi nyumbani kichwa kikimzunguka kama pia. Si mgonjwa, si salama; ni nini basi? Aliogopa, wala hakujua anachokiogopa. Alijua tu kwamba mchumaji wa mguu mmoja hapandi mti. Akanunua soda njiani ili atulie.

Alimkuta mkewe, Kinya, akianua mahindi yaliyoanikwa kwenye turubai.

"Mbona unaanua na haijanyesha?"

"Baba Kendi, si uangalie juu."

"Na isiponyesha?"

"Nitaanika tena kesho. Ikinyesha yakiwa nje, nitaanika nini?"

Kaimenyi alitazama mawingu, akatazama chupa mkononi. Mambo ya alama hakuyaelewa, lakini ya mahindi aliyaelewa. Akaiweka soda chini, akashika upande wa pili wa turubai.

Mvua haikunyesha siku hiyo, naye nusura ajute. Hata hivyo alikwenda kupimwa. Mara nne alikuta sukari iko sawa. Mara ya tano ilikuwa imeanza kupanda, ikadhibitiwa kabla haijamgusa mguu wala jicho.

Mpaka leo haelewi kisukari kilivyomfikia bila jina. Gitobu humtania, "Umeniibia urithi wangu." Kaimenyi humcheka kutoka juu ya mti, amesimama kwa miguu yake miwili. Ama kweli, dalili ya mvua ni mawingu.