Jina Moja la Kupeleka Kigali

Hapo zamani, na sisemi zamani za masultani na majini, nasema zamani za mwaka juzi tu, watu wakiwa na simu mifukoni ila vocha hawana, aliishi Singida mwanamke aitwaye Elinipa Kiula. Mchana alifundisha hesabu shule ya msingi. Saa zilizobaki alitunga maigizo ambayo hakuna aliyemwomba atunge.

Watu wa aina yake wapo wengi, ila wametawanyika: mmoja Kigoma, wawili Lindi, mmoja Nanyuki huko. Hawana ukumbi, hawana mfadhili, viti wanaazima msibani. Walichonacho ni kundi la mtandaoni liitwalo Wachafua Jukwaa, lenye watu mia tatu na kumi. Mia wanatunga. Mia wanabishana kama igizo lililotazamwa na watu saba na mbuzi ni igizo au ni mazoezi. Waliobaki huandika "hongera sana" bila kusoma. Admini wao ni Bazili wa Bukoba, fundi wa video za harusi.

Elinipa alitunga igizo la kikao cha ukoo. Mume kafa, arobaini haijafika, shemeji kakalia kiti cha marehemu na anamwambia mjane afunge virago. Mwishoni mjane anainamisha kichwa, anabeba kifurushi chake, anatoka kimya. Elinipa aliupenda ukimya ule kuliko kitu chochote alichowahi kukiandika. Miaka miwili aliandika, mara tisa akaandika upya. Kanisa lilikuwa limemwahidi ukumbi, likamnyima baada ya mzee mmoja wa kanisa kujitambua ndani ya yule shemeji, ingawa jina lake halikutajwa popote.

Basi wakapata ghala la alizeti. Ghala lilikuwa na kuta tatu. Wa nne uliangushwa na masika. Mjane aliigizwa na muuguzi wa zahanati. Shemeji aliigizwa na Hamduni, kinyozi wa stendi, mtu ambaye angeweza kubishana na kioo chake mwenyewe.

Jumamosi saa tisa alasiri wakaanza. Watazamaji ishirini na watatu. Mambo yakaenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Hamduni amekaa kitini, anatakiwa aseme, "Funga virago, funguo acha mezani." Maneno yakampotea. Akamtazama mjane, mjane akamtazama yeye. Elinipa, nyuma ya magunia, akawa anachezesha midomo kama samaki, kinyozi haoni. Watu wakadhani ule ni ukatili. Kumbe ni usahaulifu.

Pale palipokosa ukuta alikuwa amesimama mama mmoja na ndoo. Mama Nkungu, mfuga kuku. Alikuja kuchukua mashudu ya kuku wake, akakuta watu wamekaa, naye akasimama kutazama. Akaweka ndoo chini. Akapita katikati ya watu, akapanda jukwaani, akamshika mjane mkono.

"Mwanangu, hutoki," akasema. "Keti."

Elinipa akanong'ona kwa hasira, "Mtoeni huyo mama, ananiharibia mwisho."

Hakuna aliyenyanyuka.

Sasa Hamduni alikuwa na njia mbili. Angeweza kucheka na kusema, mama, hili ni igizo tu. Hakusema. Akaegemea kiti cha marehemu na kuuliza, "Na wewe nani katika ukoo huu?"

"Mimi ndiye niliyetolewa kabla yake."

Wakaanza. Mama Nkungu akauliza bati za nyumba ile nani alizibeba kichwani kutoka barabarani. Akauliza ndugu yao alipokuwa anatapika damu, beseni lilishikwa na nani. Hamduni akajibu kila swali, na akajibu vibaya, kama shemeji wa kweli anavyojibu. Beseni ni kazi ya mke. Bati zinamfuata mwenye kiwanja. Mama akavua kandambili akamchapa nayo begani, mara mbili. Hamduni akapangusa bega.

"Piga," akasema. "Ukichoka, nyumba bado ni yetu."

"Nyumba chukueni. Kaburi lake mnalipalilia?"

Hapo Hamduni akakosa jibu, na safari hii hakuwa amesahau. Akakaa. Akakaa. Kisha akanyanyuka kutoka kile kiti, bila kuambiwa na mtu, na Mama Nkungu akamkalisha mjane. Wanaume wawili wakatoka nje, wakasimama wanatazama ardhi. Makofi yalichelewa sana.

Elinipa alikuwa ameegesha simu juu ya gunia, imerekodi yote. Akaitupia video kundini na maneno haya: "Samahanini wapendwa, mwisho uliharibika."

Kundi likawaka. Msomi mmoja akauliza kama mtunzi amevunja kwa makusudi ukuta wa nne, ule wa kufikirika unaowatenga waigizaji na watazamaji. Hamduni akamjibu kwamba ukuta wa nne waliukuta umeshavunjika. Watu sitini wakaandika "hongera sana". Bazili yeye akaipakua video. Siku tatu aliahirisha harusi za watu, akasafisha sauti, akatupa saa nzima ya mwanzo, akabakiza dakika ishirini, akaipa video jina jipya, "Hutoki", na kuituma kwa matamasha kumi na moja. Kumi yakanyamaza. La kumi na moja, la Kigali, likamwandikia Elinipa.

"Tunamwalika mwenye igizo, mtu mmoja, akae nasi mwezi mzima alisimamishe upya na waigizaji wetu. Tupeni jina kabla ya Ijumaa saa kumi jioni."

Elinipa aliisoma barua ile amesimama mbele ya darasa la sita, akasahau saba mara nane.

Wakakutana kwenye kibanda cha Hamduni, Bazili akiwa kwenye simu, sauti imefunguliwa.

"Mimi nimelizaa," Elinipa akasema. "Bila kikao nilichokiandika, mama angekuja akachukua mashudu akaenda zake. Watu wa kanisa wananipita njiani bila salamu kwa sababu ya igizo hili."

"Ulilizaa," Hamduni akasema, "halafu ukataka mtoto atolewe nje. Mwalimu, mimi ndiye niliyelishikilia pale. Dakika ishirini, sina hata mstari mmoja. Ningecheka kidogo tu, mama angeona aibu akashuka. Kuna wateja wanawake walikuwa wananiletea watoto niwanyoe, sasa hawaleti. Wanasema nina roho mbaya."

"Ulikuwa umesahau maneno," Bazili akasema simuni.

"Nilisahau. Nisingesahau, angeingilia wapi?"

Bazili akakohoa. "Mimi ghala hilo sijaliona, nakiri. Lakini mwalimu aliomba samahani. Nyote mlikuwa mmeshalizika. Nimelifukua mimi, nimelitafutia jina, nimegonga milango kumi na moja. Kigali wamealika 'Hutoki'. Nani kati yenu aliwahi kuigiza kitu chenye jina hilo?"

Wakamgeukia Mama Nkungu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kunyolea, ndoo yake mapajani.

"Mama, ulijua kwamba lile ni igizo?" Elinipa akamuuliza.

"Nilijua. Sina wazimu. Na mimi siku yangu niliambiwa ni kikao cha kawaida tu." Akaisogeza ndoo mapajani. "Video imewafikia shemeji zangu wenyewe. Wamenizibia njia ya kwenda kaburini kwa mume wangu, wanasema nimewaanika. Nyie mlipiga makofi, mkanywa soda. Maneno yale hakuna aliyeyatunga hapa. Nimelala nayo miaka kumi na minne."

"Lakini kuongoza waigizaji unaweza?"

"Mbona huyu nimemwongoza," akasema, akamwonyesha Hamduni kidole.

Hakuna aliyemwachia mwenzake. Mwishowe wakasema, barua ilikuja kwa mwalimu, mwalimu aandike.

Ijumaa, saa kumi kasorobo, Elinipa alikaa ofisi ya walimu na simu mkononi. Akaandika jina lake, likampendeza, akalifuta. Akaandika la Hamduni, akalifuta. La Bazili, akalifuta. La Mama Nkungu, akalitazama muda mrefu, akagundua kwamba jina lake la kwanza halijui, akaona aibu, akafuta. Ikabaki dakika moja. Akaandika jina, akatuma, akazima simu.

Mwenye jina alikwenda. Wengine watatu hawasalimiani naye, na Wachafua Jukwaa leo ni makundi manne, kila moja lina admini wake na watu wake wa "hongera sana".

Jina ninalo. Ila sitalitaja kabla yenu. Aliyelitunga igizo akataka kulizuia, aliyesahau maneno akalishikilia, aliyelifukua asilione kwa macho, na aliyelilipia miaka kumi na minne bila kujua kwamba analitunga: je, nani alistahili kwenda?