Wasia wa Mwanatumu na Muhuri Uliokoma

Mji wa Marjani ulikuwa chini ya Sultani Sudi bin Makame, na katika enzi yake kila nyumba ilikuwa na sanduku la ajabu la shaba na kioo, lililohifadhi sura na sauti za watu, walio hai na waliokufa. Mlangoni mwa sanduku alifungwa jini bawabu, na kila alfajiri, kabla sanduku halijaamka, aliwakagua khadimu, majini watumishi wa sanduku, waliotaka kuingia, na asiyekuwa na muhuri wa Sultani, au shetani ambaye jina lake alipelekewa na Sultani, alimtupa nje.

Badawi, muuza marashi, alilithamini sanduku lake kuliko mali yake yote, kwa kuwa mkewe Mwanatumu, katika maradhi yaliyomwua, aliweka humo wasia kwa binti yao Zena, usisikike ila siku ya harusi yake.

Ikawa mpiga mbiu akapita akinadi, "Enyi raia! Ahadi ya muhuri wa kale itakoma mwezi ukiandama! Pelekeni masanduku kwa fundi wa Sultani, jini afundishwe muhuri mpya huku ule wa kale ungali hai! Na kila mtu aende na neno lake la siri, maana jini akiona mageuzi huenda akalidai!"

Badawi akaingiwa na baridi, kwani neno hilo aliliweka Mwanatumu, naye hakuwahi kumwuliza, na sasa aliona haya kulisema hilo mbele ya mtu.

"Baba, tulipeleke," akasema Zena.

"Sanduku linaamka salama salimini, nilichokoze kwa nini? Hebu kachambue asumini zako."

Mwezi ukaandama, na asubuhi yake sanduku likaamka kama kawaida, na Badawi akawacheka majirani barazani hadi mbavu zikamuuma. Hakujua, maskini, kwamba majina ya mashetani wapya sasa yaliwafikia mabawabu kwa muhuri mpya tu, na bawabu wake aliyajua ya zamani peke yake.

Basi akaja mmoja wa mashetani hao wapya, aliyejipachika muhuri wa kale, na jini akampisha kwa heshima, naye akaingia kabla ya khadimu wote, akazila sauti zilizomo moja baada ya nyingine.

Siku ya harusi ikafika, na sanduku likanena kwa sauti ya Mwanatumu, "Zena, binti yangu, mwambie baba yako afungue ghala, wageni wangu waingie."

Zena akarudi nyuma. "Huyu si mama. Mama hakuniita Zena hata siku moja. Akiniita Kipusa."

Fundi akaitwa mbio, akasema, "Bwana, shetani hatoki mpaka jini aamriwe, na jini anataka neno."

Badawi akapiga magoti akilia. "Silijui! Sikulijua tangu hapo, na ndiyo maana niliogopa."

"Ni kilua, kama lile ua linukialo," akasema Zena polepole. "Mama alinifundisha akinisuka nywele. Ungeniuliza, baba."

Shetani akatolewa, na jini akafundishwa muhuri mpya, lakini wasia ulikwisha kuliwa, na sanduku likabaki bubu.

Zena akaolewa na mwana wa mfua fedha, kwa hariri na zawadi za Sultani, na walijaaliwa neema tele. Lakini siku ile ya harusi, saa ya maneno ya mama ilipofika, Badawi akasimama badala yake, akasema "Kipusa" tu, akaketi. Na hina haijakauka mikononi, Zena akamvuta mumewe kando, akamnong'oneza neno la sanduku lao jipya.

Nawe uliyesikia haya, kama una la kuuliza nyumbani kwako, liulize leo.