Dokta Nyani, Mla Zana

Oya, mliokaa!
— Tumekaa!
Nishushe, nisishushe?
— Shusha!
Na ikiwa nzito?
— Tutaibeba!

Basi ibebeni vizuri, maana ngano kama hii hampati kwa mwingine. Mimi shule niliiaga darasa la sita, na mpaka leo walimu wakiniona wananipisha njia. Tegeni masikio.

Hapo kale wanyama walikuwa na chuo kikuu chao cha ualimu. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alipelekwa shuleni kufundisha watoto, na mhadhiri akaja, akakaa benchi la nyuma, akamtazama, akamwandikia alama. Ukipata, wewe mwalimu. Ukikosa, rudi kwenu ukafundishe mchwa.

Mhadhiri mwenyewe alikuwa Dokta Nyani. Kifua hiki hapa! Meno haya hapa! Na tumbo? Tumbo halikuwa na mlango wa kufunga.

Kila akija, alifika asubuhi mapema kukagua zana, vile vitu ambavyo mwalimu huleta darasani watoto wavione na kuvishika. Komba alileta mayai ya kufundishia maumbo. Dokta akayakagua: fyonz, fyonz, fyonz! Kipindi kikaanza.

"Zana ziko wapi?"

"Umezila, Dokta."

"Sikuuliza nani kala. Nimeuliza ziko wapi."

Akaandika: Hana zana. Sifuri.

Digidigi alileta ndizi za kufundishia kuhesabu. Dokta akazikagua: nyamu, nyamu, nyamu! Kipindi kikaanza.

"Zana ziko wapi?"

"Umezila, Dokta."

"Sikuuliza nani kala. Nimeuliza ziko wapi."

Sifuri!

Mtasema, si wangeleta mawe? Aliyeleta mawe aliambiwa hana ubunifu. Mnadhani wasomi wajinga?

Ikabaki zamu ya Nguchiro. Kadogo haka, ubao anauandikia akiwa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Na mama yake alikuwa ameshatangazia kichuguu kizima kwamba binti ni mwalimu. Akirudi na sifuri, atapitia wapi?

Digidigi akamkuta jikoni anakoroga sufuria.

"Shoga, kesho unafundisha nini?"

"Sauti."

"Na zana?"

"Maharage."

"Wewe! Maharage yana sauti?"

"Yakiwa sufuriani, hapana."

Digidigi akamtazama, akaitazama sufuria. Maharage nusu mabichi, kabichi, viazi vitamu vya kutosha. Akaziba mdomo kwa kwato, akatoka mbio akacheke nje.

Asubuhi Dokta Nyani akafika, pua mbele.

"Binti, zana!"

"Hizi hapa, Dokta. Ila nakuomba, usizimalize."

Kumwambia Nyani asimalize! Kwacha, kwacha, kwacha! Akamaliza, akalamba sufuria, akalamba na mwiko. Nguchiro akainamisha kichwa kama mfiwa. Moyoni alijiuliza: je, tumbo la mzee likikataa kusema?

Kengele ikalia. Watoto wa kanga wakajaa darasani, kele kele kele. Dokta akakaa nyuma na kalamu yake. Nguchiro akapanda ndoo.

"Watoto, leo tunajifunza sauti. Kuna nzito na kuna nyembamba."

Dokta akatabasamu, meno yote nje. "Mwalimu, zana ziko wapi?"

"Zipo darasani, Dokta."

"Wapi? Mimi sizio..."

Pruuuuu!

Nguchiro nusura aanguke kwenye ndoo kwa furaha, lakini uso akaukaza.

"Watoto, hiyo ni sauti gani?"

"Nzitooo!"

Dokta akabana. Akabana tena. Fwiiiii!

"Na hiyo?"

"Nyembambaaa!"

"Nani atanionyesha sauti inatoka wapi?"

Mabawa yote yakanyooka kuelekea benchi la nyuma. Hakuna aliyekosa! Hata kale kadogo kasikojua jina lake kalionyesha palepale.

Dokta jasho linamtoka. Anataka nje. Lakini sheria ya chuo ilikuwa moja: mkaguzi akitoka kabla ya hitimisho, yeye ndiye anayeandikiwa sifuri.

"Mwalimu," akanong'ona, "hitimisha."

"Bado uimarishaji, Dokta. Warudie mara moja."

Bruuup!

"Nzitooo!"

"Hitimisha, mwanangu!"

"Bado tafakuri. Watoto, fumbeni macho mtafakari."

"Na pua tuzibe, mwalimu?"

"Zibeni."

"Mama yangu mzazi, hitimisha!" Dokta alikuwa amekunjana kama mkeka.

"Na zana, Dokta, zipo au hazipo?"

"Zipo! Zipo, na zinafanya kazi!"

Akaandika alama zote, akaandika na zisizokuwepo, akatia sahihi iliyokwenda upande.

"Hapo ndipo mwisho wa somo letu," alisema Nguchiro.

Vuuu! Dokta huyoo, mlango ukabaki unapigapiga. Huko nje, nyuma ya darasa, ukasikika mngurumo mrefu, halafu "Aaaah..." ya mtu aliyetua gunia la chumvi.

Nguchiro naye akashuka kwenye ndoo, akakaa chini. Akacheka, akalia kidogo, akacheka tena. Watoto wa kanga wakamzunguka: "Mwalimu! Mwalimu!" Na safari hii neno lilikuwa lake kweli.

Tangu hapo Dokta Nyani akiona zana anarudi hatua nyuma. Komba na Digidigi wakarudia vipindi vyao. Mayai yakabaki mayai, ndizi zikahesabiwa mpaka ya mwisho, wote wakafaulu.

Sasa fundisho, mnaopenda mafundisho: watoto, msiwafanyie wakubwa hila. Muwe wakarimu. Mgeni akija kukukagua, mpikie, mpe ashibe, asikunyooshee kidole mtu.

Ngano yangu imefika mlangoni, imetoka. Aliyesinzia aamshwe, aliyejamba ajitaje!