Kidani cha Liwali wa Ugbodo

Hapo zamani, Benin ilipokuwa na nguvu mpaka baharini, palikuwa na mji mdogo wa pwani ukiitwa Ugbodo. Sogeeni karibu, na wewe wa nyuma acha kunong'ona. Kesi hii imenishinda, nataka mnisaidie. Oba, mfalme wa Benin, hakuwahi kuuona mji huo kwa macho yake. Lakini hakuna aliyeutawala bila kuvishwa kidani cha marijani kutoka mkononi mwake.

Liwali wa Oba pale aliitwa Idemudia. Alioa mwanamke wa Ugbodo, wakazaa binti mmoja, Isoken. Basi liwali akaugua, akafia mikononi mwa binti yake.

Na desturi ilikuwa hivi: liwali akifia pwani, mwanawe humkata nywele na kucha, zikapelekwa Benin kuzikwa kwa wazee wake. Zisipofika, marehemu hana kwao. Kidani nacho kirudi kwa Oba, ampe mwingine.

Isoken alimpenda baba yake kupita kiasi. Akakata nywele, akakata kucha, machozi yakimdondoka juu ya vile vidole. Akazitia sandukuni pamoja na kidani, akalifunga sanduku kwa kitambaa chekundu, kama watu wa mama yake wafanyavyo. Hapo ndipo alipokosea, maskini. Kwa watu wa Oba, msiba ni mweupe. Chekundu ni vita.

Wakaondoka watatu kwa mtumbwi: Isoken; Osaro, askari wa liwali; na Timi, mpiga kafi wa Ugbodo, ambaye kaka yake aliuawa kwa amri ya liwali huyo huyo.

Siku ya tatu mtumbwi ukapinduka, sanduku likazama. Timi akapiga mbizi, hakuliona. Akapiga tena, hakuliona. Mara ya tatu akaibuka nalo, damu zikimtoka puani.

"Timi," Isoken akamwuliza, "humkumbuki kaka yako?"

"Namkumbuka kila siku, binti liwali. Lakini simwachi mtu majini, hata aliyeniliza."

Siku ya sita walinzi wa Oba pale mtoni wakakiona kile chekundu. "Hawa wanaleta vita!" Wakawakamata wote. Isoken akaapa, akalia, hawakumsikia. Osaro akasema, "Nifungeni mimi, hawa waende kwa Oba. Neno la Oba lisipokuja, nikateni kichwa."

Wakamfunga. Neno la Oba lilikuja, ila lilichelewa kidogo: kamba zilikwisha kumla mguu mmoja. Alifika Benin kwa mkongojo.

Oba akawasimamisha watatu mbele yake. "Liwali wangu amelala kwa wazee wake. Kidani ni kimoja. Nani akivae?"

Osaro akasema, "Ee Oba, mimi nilitoa shingo yangu kwa kosa la mtu mwingine. Mguu wangu ndio huo, hautapona tena."

Timi akasema, "Ee Oba, sisi tulikuwa Ugbodo kabla ya liwali wa kwanza. Nimemrudisha adui yangu kwao. Nami nirudishieni kwetu."

Isoken alikuwa akiutazama mguu wa Osaro. Kwa aibu akasema:

"Kosa ni langu, silikatai. Lakini bila mimi, Timi angezamia nini? Osaro angefungwa kwa ajili ya nani? Baba yangu ni wa huku, mama yangu ni wa kule. Akivaa Osaro, Ugbodo watasema wametawaliwa tena. Akivaa Timi, Benin watasema wameibiwa. Nikivaa mimi, hakuna atakayemwita mwenziwe mgeni. Na mimi, Oba wangu, sina kwingine kwa kwenda."

Oba akakitwaa kidani, akasimama, akawatazama mmoja mmoja, na mikono yake ikabaki hewani.

Haya, msinitazame mimi. Kidani kingekuwa mkononi mwako wewe, na Ugbodo inangoja, ungemvisha nani?